Kabla ya Picha, Niambie Ulikuwa Unafanya Nini

Mtu aliyeingiwa na chuma mwilini akifika chumba cha eksirei huwa na haraka ya jambo moja: apigwe picha, kipande kionekane, kitolewe, arudi kazini kwake. Mimi humwuliza kwanza alikuwa anafanya nini hasa kilipomwingia. Wapo wanaokunja uso, wanaona ninawachelewesha. Nimekuwa redografa hapa Moshi kwa miaka mingi, na kama ningepewa nafasi ya kusema neno moja na kila fundi, kila mshona nguo na kila mzazi wa mji huu, ningemwambia hili: ile mashine haitafuti kitu. Inachora kivuli cha mahali ilipoelekezwa, basi. Anayeielekeza ni mgonjwa, kwa maelezo yake mwenyewe.

Mafundi ndio wengi. Ukipita Pasua au Majengo asubuhi, nyundo na grinda utazisikia kabla hujaiona karakana yenyewe. Wanatengeneza mageti, madirisha ya nondo, matoroli, majiko ya mkaa, na wachache sana wanavaa miwani ya kazi. Kijana mmoja wa kazi hizo alikuja na fomu iliyoandikwa "vumbi jichoni". Alikwishapewa dawa ya matone mahali pengine. Jicho lilikuwa jekundu kidogo tu, herufi za ukutani anazisoma vizuri, na kusema kweli alikuja kwa sababu mama yake hakumpa nafasi ya kupumua mpaka aje.

"Kaka, ulikuwa unafanya nini?"

"Nachomelea geti, dada."

"Sawa. Lakini dakika ile kilipoingia, mkononi ulishika nini?"

Akafikiri kidogo. "Nyundo. Kulikuwa na bolti imeshika kutu, nikawa naikata kwa tindo."

Jibu hilo lilibadilisha kila kitu tulichofanya baada ya hapo. Cheche za grinda mara nyingi hunasa juu ya kioo cha jicho, na mtu huumia vibaya, machozi yanamtoka, hawezi kulifumbua. Lakini chuma kikigongwa kwa chuma, kinachomeguka kinaruka kwa kasi kubwa mno, na kwa udogo wake kinaweza kutoboa jicho kikazama ndani, kikaacha tundu dogo ambalo ukimtazama mtu hivi hivi hulioni. Maumivu yanaweza kuwa hafifu. Ndiyo maana kwenye benchi la kusubiri, aliyeumia zaidi wakati mwingine ndiye aliyetulia zaidi, na anayelia ndiye wa kwenda nyumbani mapema.

Jicho lina namna yake ya kupigwa picha. Ya kwanza, mgonjwa anatazama juu bila kuinua kichwa. Ya pili, anatazama chini. Chuma kinazuia miale kuliko mfupa unavyoizuia, kwa hiyo kinatokea kama doa jeupe lenye ukingo mkali. Doa likihama pamoja na jicho, limo ndani yake au limeshikamana nalo. Likibaki palepale, huenda limo kwenye mfupa au nyama za pembeni, au halimo mwilini kabisa.

Hilo la mwisho linadai subira. Chembe ya uchafu ndani ya kaseti, lile kasha bapa linaloshika filamu au sahani ya picha, inaweza kutoa doa jeupe linalofanana na kipande cha chuma hadi ukaapa. Enzi za filamu na chumba cha giza tulizisafisha kaseti kwa kitambaa laini kila mara, na hata sasa tunapotumia sahani zinazosomwa na kompyuta tatizo hilo halijaisha. Nikiona doa la namna hiyo nabadilisha kaseti na kupiga upya. Doa la uchafu hubaki na kaseti yake, la chuma humfuata mgonjwa. Ni hatua ndogo, inachukua muda mfupi, na siwezi kumkubalia mtu yeyote anayeiruka, kwa sababu mwisho wa mambo kuna daktari atakayepasua jicho la mtu kwa kuamini picha yangu.

Doa la yule kijana lilifuata jicho juu na chini. Siku hiyo hiyo akaenda hospitali ya KCMC kwa madaktari bingwa wa macho, wakampiga siti-skani, yaani eksirei ya kompyuta inayoonyesha mwili vipande vyembamba vyembamba, ili wajue kimekaa wapi hasa. Swali la kwanza la daktari lilikuwa: ni chuma gani? Hakuuliza kwa udadisi. Chuma cha kawaida kikikaa ndani ya jicho kinayeyuka polepole kama kutu, na sumu yake inaua retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kwa miezi au miaka, mtu anapoteza mwanga wa jicho ambalo mwanzoni lilikuwa likiona vizuri kabisa. Shaba tupu inaweza kuchoma jicho ndani ya siku chache. Kioo kinaweza kukaa kimya. Na juu ya yote kuna hatari ya wadudu wa maambukizi walioingia pamoja na kipande. Kijana alikuwa na jibu tayari: nyundo, tindo, bolti. Kipande kikatolewa, na jicho lile linaona mpaka leo.

Kwa wenye karakana, naomba niseme hili bila kupamba. Jicho lililopigwa na kipande cha chuma lisisuguliwe, lisikandamizwe, na ukihisi limetobolewa usilimiminie maji, wala maziwa ya mama, wala kitu chochote. Usijaribu kuchokonoa kwa kijiti cha kiberiti. Lifunike kwa kitu kigumu kisichogusa jicho lenyewe, kitako cha kikombe cha plastiki kinatosha, kishike kwa plasta, kisha mpeleke hospitali. Akifika aseme alikuwa anagonga nini kwa nini.

Wanafunzi wanaokuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo huwa nawasimulia habari ya James Garfield, Rais wa Marekani. Alipigwa risasi Julai 1881. Madaktari wakaitafuta ile risasi kwa kutia vidole na vyuma ambavyo havikusafishwa ndani ya jeraha. Wakamwita Alexander Graham Bell, yule wa simu, akaja na kifaa cha umeme kinachotoa sauti kikikaribia chuma. Kifaa kilikuwa kimejaribiwa na kilifanya kazi. Lakini rais alikuwa amelala juu ya kitanda chenye springi za chuma, na daktari wake mkuu alitaka upande wa kulia tu ndio utafutwe, kwa kuwa ndiko alikoamini risasi iko. Garfield alifariki Septemba 19 mwaka huo. Walipopasua maiti wakaikuta risasi upande wa kushoto. Miaka 14 baadaye, Novemba 1895, Wilhelm Röntgen akagundua miale ya eksirei katika mji wa Würzburg, na mwaka uliofuata madaktari walikuwa wakiitumia kutafuta risasi na sindano ndani ya miili ya watu. Wanafunzi hupenda sehemu ya Röntgen. Mimi huwarudisha kwenye ule upande wa kulia. Bell alikuwa mtu mwenye akili nyingi na chombo kizuri, akaelekezwa pasipo na kitu.

Na ule mkasa wa springi tunao hapa kila siku. Kwetu springi ya kitanda ni fundo la pesa kwenye pindo la kanga. Mama amekuja kupigwa picha ya nyonga, tunaona duara mbili nyeupe, kumbe ni sarafu za nauli. Kuna vibanio vya nywele, ndoano za sidiria, shanga za kiunoni, zipu, hirizi. Huwezi kutafuta chuma ndani ya mwili kabla hujamaliza kilicho nje, lakini namna ya kukiomba ina adabu yake. Hirizi simwambii mtu "toa hicho". Namweleza kwamba kitaleta kivuli juu ya mahali tunapotaka kuona, namwachia aivue mwenyewe, aishike mwenyewe au ampe ndugu aliyekuja naye. Sijawahi kukataliwa kwa maelezo hayo.

Sindano za cherehani ni mkoa mwingine. Mama mmoja wa Rau anashona barazani, mtoto wake akakanyaga sindano ikakatikia unyayoni. Mama alikuja amembeba huku akitetemeka. Nilimwuliza nusu iliyobaki iko wapi. Alikuwa ameitupa. Nikamwomba baba mtu apige simu nyumbani iokotwe, ikaletwa na bodaboda imefungwa kwenye karatasi. Nusu hiyo ilitueleza urefu wa kinachotafutwa, tukajua kama kilicho kwenye picha ni kizima au kimevunjika tena.

Picha moja ya mguu haimtoshi daktari. Picha ni bapa, mguu una kina. Ukipiga kutoka juu peke yake utajua sindano iko chini ya kidole kipi, hutajua kama iko karibu na ngozi ya unyayo au imepanda juu kwenye mifupa. Kwa hiyo tunapiga kutoka juu, kisha kutoka ubavuni, na pale ilipoingilia tunabandika kipande cha waya kwa plasta ili daktari apime kutoka alama ile hadi sindano. Nimewahi kupokea wagonjwa waliotoka kupasuliwa sehemu nyingine kwa picha moja tu. Jeraha refu, sindano haijaguswa. Tena sindano inatembea, misuli inaisukuma kila mtu anapokanyaga. Mtoto abebwe, na picha ya wiki iliyopita isitumike kumpasulia leo.

Yule mama aliniuliza kwa sauti ndogo: "Dokta, hii mionzi haitamletea mtoto saratani?"

Swali zuri, na watu wasione aibu kuliuliza. Nilimwambia kwamba sote hupokea mionzi ya asili kila siku kutoka ardhini, angani na hata kwenye chakula, na picha ya mguu ni kidogo kuliko anayoipata mtoto kwa siku moja ya kucheza nje. Siti-skani ni nyingi zaidi, ndiyo maana haiandikwi ovyo. Nikamwonyesha na kile kibeji nilichobana kifuani, kinachohesabu mionzi inayonifikia mimi. Wanaosimamia usalama wa mionzi nchini ni Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, wana ofisi na maabara Njiro, Arusha. Alipojua kuna anayetuangalia hata sisi, alitulia.

Kwa wazazi niongeze moja hapa, ingawa si kipande cha chuma. Mtoto akisemwa amemeza sarafu, ninatazama ukingo wa duara kwenye picha. Ukingo wenye mzingo mwingine ndani yake huashiria betri ndogo ya kitufe, zile za rimoti na saa. Betri hiyo ikikwama kooni inaanza kuunguza ndani ya saa mbili. Huyo hasubiri foleni.

Kuna vitu ambavyo eksirei haivioni vizuri, na hapa watu wengi wamechanganyikiwa. Wanadhani kioo hakionekani, kumbe karibu kila kioo huonekana kisipokuwa kidogo sana. Mwiba wa mchongoma hauonekani. Kibanzi cha mti hakionekani, na plastiki vilevile. Hata aluminiamu, ambayo nayo ni metali, ni nyepesi kwa miale kiasi kwamba kipande kidogo kinaweza kupotea kabisa penye mfupa, na siku hizi vijana wa madirisha ya aluminiamu wamejaa mjini. Mtu anaambiwa "picha yako ni safi", anarudi shamba, na kidole kinatunga usaha mwezi mzima. Akisema ni mwiba, tunampeleka altrasaundi, na mara nyingi mwiba unaonekana pale kama mstari mweupe wenye kivuli chini yake. Tofauti ya vipimo hivyo viwili inatokana na neno moja alilolitamka au asilolitamka mlangoni.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wenzangu wengi hawalisemi hadharani. Wanakuja watu wanaoomba wapigwe picha ya misumari au sindano walizotupiwa. Mganga amewaambia zimo mgongoni, tumboni, kwenye goti. Dada mmoja alikuja hivyo, na aliyetajwa kumtupia alikuwa wifi yake. Nyumba nzima ilikuwa haisemezani. Wapo watumishi ambao wangecheka, na mimi naona kucheka pale ni ukatili, kwa sababu maumivu yake yalikuwa ya kweli: alishindwa kuinama kuchota maji. Daktari alikuwa na sababu zake za kuomba picha ya mgongo, tukapiga kutoka mbele na kutoka ubavuni. Nikamweka mbele ya skrini pamoja na daktari. Kwanza nilimwonyesha picha ya kufundishia yenye sindano halisi, namna inavyong'aa hata mtoto angeiona. Kisha yake. Akaikagua kwa kidole, pingili moja baada ya nyingine.

"Kwa hiyo haimo."

"Haimo, dada. Sindano ya chuma ingekuwa humu tungeiona. Maumivu yako yana chanzo kingine na daktari ataendelea kukitafuta."

Aliomba nakala ya picha. Hakuitaka kwa ajili yake. Aliitaka aipeleke kwa mama mkwe na kwa wifi. Nilijua tangu mafunzo kwamba picha inaweza kuonyesha chuma kilipo. Siku ile nilielewa uzito wa kuonyesha kwamba hakipo, pale ambapo jina la mtu limeshikiliwa nacho.

Wa mwisho ni babu mmoja wa Rombo, askari wa Vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Alikuwa na ganzi ya miguu, ameandikiwa MRI ya mgongo huko alikotoka, na fomu ilikuwa imejazwa na binti yake. Penye swali la kama amewahi kufanyiwa upasuaji, binti aliandika hapana. Hakudanganya. Hakuna aliyewahi kumpasua.

MRI haitumii miale. Inatumia sumaku, na iliyozoeleka ina nguvu ya tesla 1.5, kama mara 30,000 ya sumaku ya dunia, tena haizimwi hata chumba kikiwa hakina mtu. Chuma kinachovutwa na sumaku kikiwa mahali pabaya kinaweza kusogea. Mwaka 1986 iliripotiwa habari ya mgonjwa aliyekuwa na kipande cha chuma jichoni bila kujua; aliingizwa kwenye MRI, akapoteza uwezo wa kuona wa jicho hilo. Kwa hiyo fundi yeyote wa vyuma akiandikiwa MRI, aseme kazi yake hata kama hakuulizwa, apigwe kwanza picha ya macho ikihitajika.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu."

"Babu, umewahi kupigwa na risasi au bomu, au kuumizwa na chuma chochote, hata ambacho hakikutolewa?"

Alikaa kimya kidogo, kisha akapandisha suruali juu ya goti, akavuta hadi pajani. Kovu lilikuwa limesinyaa, limekuwa jeusi. "Hiki cha Kagera. Daktari wa jeshi alikiosha akafunga, akaniambia kitakaa tu. Kimekaa."

Binti yake alikuwa hajawahi kuliona lile kovu.

Tukampiga eksirei ya paja, nyonga, mgongo na macho. Vilionekana vipande kadhaa pajani, na kimoja kidogo karibu na uti wa mgongo ambacho mwenyewe hakukijua. Daktari bingwa wa mionzi akapima uzito wa mambo, akaamua siti-skani itajibu swali la ganzi bila kumweka kwenye sumaku. Chuma huleta michirizi kwenye picha za siti-skani, inaharibu kidogo pale kilipo, lakini kwengine palionekana vya kutosha, mshipa wa fahamu uliobanwa ukaonekana.

Binti hakuridhika. "Si mvitoe basi, dokta? Miaka yote hiyo baba anatembea na mabomu?"

Daktari alimweleza kwa utulivu. Kipande kilichokaa kwenye nyama kwa miaka mingi, mwili umekifunga kwa kovu, mara nyingi huachwa, kwa kuwa kukifukua kunaweza kuumiza kuliko chenyewe. Hutolewa kikiwa ndani ya kiungo kama goti, hasa risasi, kwa sababu maji ya kiungo huyeyusha madini yake na sumu kuingia kwenye damu. Au kikibana mshipa, au kikitunga usaha. Vya babu havikuwa na hata moja ya hayo; ule mshipa wake haukubanwa na chuma. Babu mwenyewe alikuwa anatikisa kichwa kukubali tangu mwanzo.

Tukamwandikia karatasi yenye muhuri: vipande vya chuma paja la kulia na karibu na uti wa mgongo, asiingizwe kwenye MRI kabla ya kupimwa na mtaalamu wa mionzi. Binti akaipiga picha kwa simu yake akawatumia kaka zake wawili, mmoja Dar, mmoja Tarakea, kisha karatasi yenyewe akaikunja akaiweka pamoja na kadi ya bima ya baba yake.